Pakiti moja, wasikilizaji wengi: namna ya kupanga multikasti kwenye redio za kijeshi zinazotembea

Kamanda anabonyeza kitufe cha redio na kusema "simameni". Neno hilo linatakiwa lisikike kwenye magari 30 kwa wakati mmoja. Ukilituma kwa kila gari peke yake, umerusha neno moja mara 30, na hapo hujahesabu magari ya katikati yanayolipokea na kulirusha tena ili liwafikie walio mbali. Masafa ni yale yale, mnayagawana wote. Tena jeshini kuna jambo ambalo fundi wa mitandao ya ofisini hana haja ya kuliwaza: kila redio inaporusha, adui mwenye kifaa cha kutafuta mwelekeo wa mawimbi anapata nafasi ya kujua ilipo. Kila mrusho ni moshi. Ndiyo maana katika mwongozo huu ninahesabu mirusho kwanza, mengine yanafuata.

Multikasti ni kuiandikia pakiti anwani ya kundi badala ya anwani ya mtu mmoja. Misingi yake kwenye IP iliwekwa na Steve Deering katika RFC 1112 (RFC ni hati zinazoeleza itifaki za intaneti) ya mwaka 1989, na kwenye mitandao ya waya inafanya kazi vizuri. Kwenye redio zinazopotea nyuma ya kilima na kuibuka upande mwingine, mbinu zile za waya hukwama. Nachukulia kwamba unaijua IP kiasi, na una redio zinazopitisha pakiti au angalau maabara ya kuziigiza.

Hatua ya 1: Andika nani anamwambia nini nani

Usiguse mipangilio yoyote kabla ya hatua hii. Chukua karatasi, uandike kila aina ya mawasiliano: nani anatuma, nani anapokea, ukubwa wake, hutumwa mara ngapi, na kikipotea kipande inakuwaje. Kwenye vikosi vingi utakuta mambo matatu.

La kwanza ni taarifa za mahali: kila gari linatangaza liko wapi, pakiti ndogo, kila baada ya sekunde kadhaa. Moja ikipotea si neno, nyingine inakuja. La pili ni sauti. Sauti huvumilia kupotea kidogo lakini haivumilii kuchelewa. La tatu ni amri zilizoandikwa, ramani na picha. Hizi zinaweza kuchelewa, ila lazima zifike nzima, maana nusu ya amri ni hatari kuliko kukosa amri kabisa.

Sauti ina mtego wake, tuutazame kwa karibu. Kodeki ya MELPe, yaani programu ya kubana sauti, iliyo kwenye kiwango cha NATO, STANAG 4591, hutumia biti 2,400 kwa sekunde. Ukiona namba hiyo unafurahi. Lakini fremu yake moja ni milisekunde 22.5 zenye biti 54, yaani hazifiki hata baiti 7. Ukiiweka kila fremu kwenye pakiti yake, utaivalisha vichwa (maelezo ya mwanzo wa pakiti) vya IP, UDP na RTP vyenye jumla ya baiti 40. Sasa unarusha baiti 47 kila milisekunde 22.5, ambazo ni karibu kilobiti 16.7 kwa sekunde: mara saba ya sauti yenyewe. Ukifunga fremu nne pamoja, sauti inakuwa baiti 27, pakiti nzima baiti 67 kila milisekunde 90, na mzigo unashuka hadi karibu kilobiti 6. Umelipa kwa kuongeza kuchelewa kidogo, na umeokoa karibu theluthi mbili ya mzigo bila kugusa itifaki yoyote ya uelekezaji. Mimi huanza hapa kila mara. Hakuna itifaki itakayokupa faida kubwa hivyo kwa kazi ndogo hivyo.

Ukimaliza jedwali, tazama jambo moja zaidi: kwa kila kundi, ni sehemu gani ya redio zote ni wanachama? Kama wanachama ni nusu au zaidi (kwenye kombania ndivyo huwa, kila mtu anataka kujua wenzake wako wapi), usihangaike kujenga njia maalumu ya kundi. Tawanya kwa wote, kwa ustadi. Itifaki zinazofuatilia wanachama zinafaa pale kundi ni dogo ndani ya mtandao mkubwa.

Hatua ya 2: Chagua anwani za makundi, na utazame TTL

Tumia anwani za 239.0.0.0/8, zilizotengwa kwa matumizi ya ndani ya taasisi. Usiguse 224.0.0.0 hadi 224.0.0.255: hizo ni za kiungo kimoja tu, na ruta yoyote yenye adabu haitazipitisha mbele hata uipigie magoti.

Jihadhari pia na jinsi anwani ya IP inavyogeuzwa kuwa anwani ya MAC, ile ya kadi ya mtandao. Biti 23 za mwisho tu ndizo zinazochukuliwa, kwa hiyo anwani 32 za makundi huangukia anwani moja ya MAC. Kundi 239.128.0.1 litaonekana kwenye kadi sawasawa na 224.0.0.1, ambayo ni anwani ya vifaa vyote. Kila kifaa kitaamka kuisoma, betri zitaisha, na hutajua kwa nini. Gawa namba kwa mpango, mfano sehemu ya tatu iwe namba ya kombania na ya nne aina ya mawasiliano, ukikwepa zile zinazogongana.

Halafu TTL, namba ndani ya pakiti inayosema inaruhusiwa kuruka mara ngapi kabla ya kufa. Programu inapotuma multikasti bila kuambiwa lolote, mfumo wa kompyuta huweka TTL kuwa 1, yaani pakiti inakufa kwa jirani wa kwanza. Mimi niliwahi kupoteza siku mbili nzima nikibadilisha itifaki, nikibadilisha antena, nikiwalaumu wenzangu, kumbe programu ya ramani ilikuwa inatuma kwa TTL 1. Redio tatu zilizokaa meza moja zilisikizana vizuri, ile iliyopelekwa nje ya jengo haikusikia kitu. Kama unaona dalili hiyo, anza na TTL.

Hatua ya 3: Uache mti

Itifaki za waya kama PIM hujenga mti: shina kwa mtumaji au kwenye sehemu ya kukutania, matawi kwa wapokeaji. Mti ni mzuri kwa kitu kisichohama. Kwenye redio unakwama kwa sababu mbili.

Kwanza, ruta ya kawaida ikipokea pakiti ya multikasti hukagua kama imeingia kupitia kiolesura (mlango wa mtandao) kinachoelekea kwa mtumaji, kisha huitoa kwa violesura vingine. Redio ina kiolesura kimoja. Pakiti iliyoingia hapo inatakiwa itoke hapo hapo ili iwafikie walio ng'ambo, na ruta ya kawaida inakataa. Pili, ile sehemu ya kukutania ni gari kama magari mengine. Likizamia bondeni, kundi zima limekuwa bubu.

Watafiti walijaribu kuirekebisha hali hii mwishoni mwa miaka ya 1990. MAODV ilibaki na mti lakini ikawa inaukarabati matawi yanapokatika. ODMRP, iliyotoka chuo cha UCLA, iliuacha mti ikatumia wavu: mtumaji anatawanya ulizo mara kwa mara, wanachama wanajibu, na redio zilizo kwenye njia za majibu zinakuwa kundi la kupitisha. Wavu unastahimili mwendo kuliko mti kwa sababu pakiti ina njia zaidi ya moja. Udhaifu wa ODMRP ni kwamba kila mtumaji anatawanya maulizo yake. Kwenye taarifa za mahali kila gari ni mtumaji, kwa hiyo maulizo yatakuwa mengi kuliko taarifa zenyewe. Iweke akilini kwa kundi dogo lenye mtumaji mmoja au wawili. Kwa kazi nyingine zote, endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Tawanya, lakini si kila mtu arushe

Njia rahisi kuliko zote ni kila redio kurusha upya pakiti yoyote mpya iliyosikia. Haina kumbukumbu za wanachama wala mti wa kuvunjika. Tatizo ni gharama. Magari 30 yakitoa taarifa moja kila moja, na kila taarifa ikirushwa na magari yote 30, hiyo ni mirusho 900 kwa mzunguko mmoja. Mwaka 1999 watafiti waliliita jambo hili dhoruba ya utangazaji, wakapiga hesabu ya jiometri: redio inaporusha upya ilichosikia, eneo jipya linalofikiwa ni asilimia 61 kwa uwezekano wa juu kabisa, na kwa wastani ni 41. Ukishasikia pakiti ile ile mara nne, mrusho wako wa ziada hautaongeza hata asilimia 5. Wengi wanaorusha wanachafua hewa bure.

Hapo ndipo inapoingia SMF (Simplified Multicast Forwarding), iliyoandikwa kwenye RFC 6621 ya mwaka 2012 chini ya uhariri wa Joseph Macker wa maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani. SMF hufanya mambo mawili tu: huchagua redio chache za kurusha upya, ambazo nitaziita rilei, na huzuia pakiti ile ile isirushwe mara mbili na redio moja. Kwenye mfano wetu, rilei zikiwa 8, kila taarifa inarushwa mara 9 hivi, na mzunguko mzima ni mirusho 270 badala ya 900.

Rilei huchaguliwa kwa majirani. Kila redio hutangaza ujumbe wa HELLO wenye orodha ya inaowasikia, hivyo kila mmoja anawajua majirani zake na majirani wa majirani. Kutokana na hapo zipo kanuni kadhaa. S-MPR, inayotokana na OLSR (itifaki ya uelekezaji ya redio zinazotembea), inamfanya kila mmoja achague kati ya majirani zake wachache wanaofika kwa watu wote wa mruko wa pili. Ni bora kwa uchache wa mirusho, lakini redio inatakiwa ijue pakiti imetoka kwa jirani yupi hasa kabla ya kuamua, na si kila redio inakupa habari hiyo. E-CDS haijali pakiti imetoka wapi: redio ni rilei au si rilei, basi. Mimi ningeanza na E-CDS.

Inavyoamua ni hivi. Tuseme gari namba 4 linasikizana na 2, 7 na 9, na namba ndiyo cheo cha kipaumbele. Gari 4 linamtazama jirani mwenye cheo kikubwa kuliko wote, 9, na kujiuliza: je, kutoka kwa 9 naweza kuwafikia majirani zangu wengine kwa kupitia wenye cheo kilichonizidi mimi peke yao? 9 anasikizana na 7, na 7 anasikizana na 2. Njia ipo, 7 ni zaidi ya 4, kwa hiyo gari 4 linanyamaza. Sasa 7 anapita nyuma ya kilima, kiungo chake na 2 kinakatika. Anayemfikia 2 ni 4 peke yake. Mara tu HELLO zinapoonyesha hivyo, 4 linakuwa rilei, bila mkutano na bila kuomba ruhusa ya mtu.

Cheo hicho kiweke kwa makusudi, usiache kitokane na anwani. Gari lenye antena ndefu na umeme wa injini lipewe cheo cha juu; askari wa miguu mwenye betri mgongoni apewe cha chini. Na gari la kamanda? Wengi hulipatia cheo cha juu kwa heshima. Mimi ningelipatia cha chini. Gari linalorusha kuliko mengine yote ndilo linaloonekana kwanza.

Hatua ya 5: Pima HELLO kwa mwendo

OLSR kwa kawaida hutuma HELLO kila sekunde 2, na jirani husahauliwa baada ya sekunde 6 za ukimya. Gari la kilomita 60 kwa saa hutembea mita 100 ndani ya sekunde 6, jambo ambalo kwa redio ya kilomita kadhaa halina uzito. Helikopta ya kilomita 250 kwa saa hutembea mita 417 muda huo huo. Mjini, ambako kona moja ya jengo inakata kiungo, hata mita 100 ni nyingi.

Ukipunguza muda hadi sekunde 1 unajua mabadiliko mapema, na unalipa HELLO mara mbili. Badala ya kukimbilia huko, ongeza rilei kidogo. Rilei mbili za ziada hufunika pengo wakati majirani wanajulikana upya. Uchache wa mirusho ukiupeleka hadi mwisho, mtandao unakuwa kama daraja la ubao mmoja.

Kuna redio nyingine HELLO hazitazijua kamwe: zilizoamriwa kukaa kimya. Zinasikia lakini hazirushi. Itifaki yenye kujiandikisha kwenye kundi haiwezi kuzihudumia, kwa sababu kujiandikisha ni kurusha. SMF inaweza, mradi rilei fulani iko karibu nazo. Hakuna atakayechagua rilei kwa ajili yao, kwa hiyo unayejua watakapokaa ndiye uweke gari la kudumu kuwa rilei jirani nao.

Hatua ya 6: Kamata nakala

Hapa ndipo penye makosa yanayoangusha mtandao mzima. Redio lazima ikumbuke imeshapitisha pakiti gani. SMF inaweza kutumia namba ya utambulisho iliyo kwenye pakiti, au kupiga heshi ya pakiti yenyewe, yaani alama fupi inayokokotolewa kutokana na maudhui yake.

Namba ya IPv4 ina biti 16, yaani 65,536 kisha inarudi mwanzo. Baya zaidi, mifumo mingi huweka sifuri kwenye pakiti ambayo haitakiwi kukatwa vipande. Ukitegemea namba hiyo, pakiti ya kwanza ya mtumaji inapita, na zote zinazofuata zinaonekana nakala. Dalili: ujumbe wa kwanza unafika, kisha kimya hadi kumbukumbu ifutike. Tumia heshi. Inakula kidogo nguvu za kompyuta, lakini unalala usingizi. Shida yake ni pakiti mbili tofauti zenye maudhui yanayofanana kabisa, kwa hiyo programu zako ziweke namba ya mfululizo au saa ndani ya ujumbe. Muda wa kukumbuka uwe mrefu kuliko pakiti inavyoweza kuzagaa kwenye foleni za redio zako.

Hatua ya 7: Wape rilei kusubiri kidogo

Rilei mbili zikisikia pakiti pamoja na kuirusha pamoja, zinagongana. Kwenye redio za aina ya Wi-Fi ni mbaya zaidi, maana fremu ya multikasti haithibitishwi wala kurudiwa, na hutumwa kwa kasi ya chini. Weka kusubiri kwa bahati nasibu kabla ya kurusha, milisekunde chache kwa sauti, zaidi kwa taarifa za mahali. Redio zinazogawana muda kwa zamu hazina shida hii. Zina yake, nayo ni kuhakikisha rilei zimepewa zamu nyingi kuliko wengine.

Hatua ya 8: Vinavyotakiwa kufika vizima

SMF haiahidi kufikisha. Kwa ramani na amri weka juu yake NORM, itifaki ya kufikisha multikasti kwa uhakika, RFC 5740. Kwenye NORM mpokeaji hasemi "nimepata". Anasema "sijapata" pale tu anapokosa. Husubiri muda wa nasibu kwanza, na akisikia mwenzake ameomba kipande kile kile, ananyamaza. Mtumaji anajibu kwa data za marekebisho ambazo kila mmoja anaweza kuzibia nazo tundu lake, hata kama matundu hayafanani. Kwa walio kimya kwa amri, mtumaji anatanguliza ziada hiyo bila kuombwa.

Hatua ya 9: Usimbaji na malango

Kifaa cha usimbaji kikikaa kati ya kompyuta na redio, redio haioni kundi la ndani. Mara nyingi maombi ya kujiunga na kundi hayapiti, kwa hiyo panga mapema kundi la ndani linageuka kundi gani la nje, na ufunguo wa kundi uwe umeshagawiwa kabla ya safari.

Kuhusu kuunganisha na mtandao wa makao makuu: malango mawili (vifaa vinavyounganisha mitandao miwili) yanayopitisha kundi moja yatazungusha nakala. Chagua moja lipitishe, la pili lingoje.

Hatua ya 10: Vunja mwenyewe kabla adui hajavunja

CORE na EMANE ni programu za bure za kuigiza mtandao wa redio zinazotembea, na MGEN hutengeneza trafiki ya multikasti na kuandika kilichofika. Weka magari yako 30, yape njia za mwendo, kisha pima vitu vitatu: asilimia ya pakiti zilizofika, kuchelewa, na mirusho mingapi imetumika kwa kila pakiti. Hicho cha tatu ndicho watu husahau kuandika.

Jaribu msafara kugawanyika mara mbili na kukutana tena, kwa sababu kukutana ndiko kunakofichua nakala. Mwisho, tafuta gari linalorusha upya kuliko yote, lizime ghafla huku sauti ikiendelea, na uhesabu sekunde za ukimya. Zikizidi sita, rudi hatua ya 5. Zikiwa mbili au tatu, washa gari hilo, tafuta linalolifuata kwa kurusha, ulizime nalo.